Mwaka Ambao Hakuna Kilichooza Vuasha

Dengelua ya Nakijwa haikuwa na tabia ya kuchelewa. Ukiifunika mtungini asubuhi, jioni imeshaanza kunung'unika, na ukiamka kesho yake inakukoromea kama mkwe aliyenyimwa kiti. Ilikuwa pombe ya miwa yenye heshima zake. Iliwahi kupatanisha mashemeji waliokuwa wakigombania mpaka wa shamba la tangawizi, na iliwahi, kijiji kizima kikishuhudia, kumfanya Mzee Kilave, mkuu wa ndiva, lile bwawa la kijiji, aimbe kwa sauti nyembamba hadi kuku wa jirani wakataga kabla ya siku zao.

Sasa ilikuwa imekaa jikoni tangu mwezi uandame, na mwezi ulikuwa umeshajaa, na ilikuwa kimya. Tamu, angavu, imetulia kama maji ya ubatizo.

Naetwe, mjukuu wake, alibandika sikio kwenye mtungi.

"Bibi, imekufa?"

"Haijafa. Imenuna."

"Imemnunia nani?"

"Ningemjua ningekwenda kumwombea radhi. Toa sikio, utaiharibia usingizi."

Nakijwa alifunua kifuniko akanusa. Harufu ya miwa tu, kama imekamuliwa sasa hivi. Juu yake yalielea mavungunya makavu, yale matunda ya mvungunya ambayo mama mkwe wake alimrithisha pamoja na onyo kwamba yasiguswe na sabuni. Yalikuwa yamechachua pombe za harusi za watu ambao sasa ni mababu. Leo yalielea pale kama wageni wasiojua wameitiwa nini. Kipande kimoja tu kilikuwa kimebaki darini, juu ya moshi, kikining'inia kwa kamba, ambako tone la maji halijawahi kukifikia.

Pombe ile haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya mumewe. Sekiondo alikuwa amelala chini ya migomba kwa misimu ya kutosha, na Vuasha walikuwa na desturi ambayo babu zao waliisahau kwa aibu na wajukuu wakaifufua kwa kiburi: ardhi ikishachukua chake, kichwa cha marehemu huinuliwa, huoshwa kwa dengelua, kikapelekwa kwenye pango la ukoo, penye mwamba mkavu, kikakae na wenzake. Hapo ndipo mtu anapokuwa mzimu kamili, wa kuombwa mvua na kusingiziwa mafua. Kabla ya hapo ni marehemu tu, yuko njiani, hana pa kufikia.

Na bila dengelua hakuna safari.

*

Ukungu wa mwaka ule ulikuwa mzuri kupita kiasi. Uliteremka milimani mchana wa saa nane na kukaa juu ya mashamba ukimetameta, kana kwamba mtu ametikisa ndani yake unga wa kioo. Maputo ya mizigo yaliyokuja kuchukua tangawizi yalipotokeza humo, yalionekana kama samaki wakubwa wanaoota ndoto. Watu walizoea kusimama milangoni na kuutazama tu, mikono imeshika kitu walichokuwa wakikifanya.

Ndani ya uzuri huo vitu vilikuwa vimeacha kuoza.

Ilianza kwa mambo ya kuchekesha. Mkungu wa ndizi mbivu ulikaa mezani kwa Nakijwa mpaka watoto wakaupa jina. Maziwa hayakuganda hata ukiyatukana. Paka wa Mzee Kilave alikufa barazani, na kwa kuwa alikufa katika mkao wa kuota jua, hakuna aliyejua. Wageni waliendelea kumfukuza kwenye mkeka, "kis, kis", na kumshangaa kwa ukaidi, hadi mwenyewe alipomwinua na kumkuta amekakamaa kama ubao, hana hata inzi mmoja wa kumlilia. Kisha yakafuata mambo yasiyochekesha sana. Samadi ilikaa shimoni kama ilivyomwagwa. Maharagwe yalichipua, yakatazama huku na huku, yakanyauka. Vyoo vilijaa wala havikushuka. Na watu wenyewe, hasa waliofanya kazi juani, walianza kuwa na rangi.

Rangi hiyo ilikuwa ya kijivu yenye ubuluu ndani yake, kama anga kabla ya jua kutoka. Ilianzia kwenye kucha na fizi, ikapanda. Mzee Kilave alikuwa amefikia kung'aa kama sufuria mpya. Wasichana walisema inawapendeza.

Wote walijua ilitoka kwenye kimwezi, hawakujua ilikujaje.

Kimwezi kilikuwa kitambaa. Taasisi moja ya mjini ilikileta kwa puto, kimekunjwa vipande vipande, kila nyumba itandaze kipande chake mdomoni mwa mtungi na kuchujia maji ya kunywa. Kilifumwa kwa nyuzi zilizopakwa chembe za madini ya fedha, chembe ndogo kiasi kwamba ukiziweka kando ya unywele mmoja, unywele unakuwa mlima. Kijidudu cha homa ya matumbo kikipita hapo, hakitoki kizima. Lakini vipande havikutosha nyumba zote, na Vuasha ilikuwa na sheria ya zamani kuliko taasisi yoyote: maji hayamchagui mtu. Bwawa lao, ndiva, lilichimbwa na mikono yote, linafungwa jioni na kufunguliwa asubuhi, na nyumba ya mwisho bondeni hupata kama ya kwanza mlimani. Itawezekanaje huyu anywe maji yaliyochujwa na yule anywe matope?

Basi baragumu likapulizwa, watu wakaja msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kama wanavyokuja kuzibua mfereji, kila mtu na kipande chake na sindano yake. Wakaviunga vyote kuwa shuka moja kubwa, wakaliimbia, wakalitandaza chini ya ndiva lote na kulibana kwa mawe pembeni. Ikawa haki. Maji yakalala juu ya kimwezi usiku kucha na kutoka asubuhi yaking'aa.

Na watoto wakaacha kufa. Hilo lazima lisemwe, maana kila aliyeishi Vuasha kabla ya hapo alijua njia ya kwenda makaburini hata akifumba macho. Mama yake Naetwe alipita njia hiyo, homa ya matumbo ikamwondoa katikati ya mavuno. Naetwe mwenyewe alikuwa amebaki ngozi na macho siku kimwezi kilipotandazwa. Alikunywa, akaketi, akaomba nguo zake. Tangu hapo hakuugua tena. Ila hakunenepa. Tumbo lake, ambalo zamani lilikuwa likinguruma mpaka mbwa anageuka, lilikuwa kimya kama mtungi ule, na hakuwahi kusema ana njaa. Alikula kwa sababu aliambiwa ale.

*

Nakijwa aliamua kwenda na juisi ya miwa hivyo hivyo. Sekiondo alikuwa mtu wa masihara, angeielewa.

Shemeji yake, Mbonea, ndiye aliyefukua, kama ilivyopasa ndugu wa marehemu. Alichimba mchana ule wa ukungu huku akisimulia habari za mbuzi wake, kwa sababu mtu akifukua kaburi la kaka yake ni bora aongee habari za mbuzi. Mara akanyamaza. Akaweka jembe chini polepole, kama mtu aliyeingia chumba cha mwenye kulala.

"Shemeji."

"Umekifikia?"

"Nimemfikia mzima mzima."

Nakijwa akainama. Sekiondo alikuwa amelala chini mle kama alivyomwacha, mikono kifuani, masharubu yamechanwa. Sanda ilikuwa na udongo, yeye hakuwa na doa. Ngozi yake ilikuwa imeiva rangi ile ya alfajiri, maana naye aliyanywa maji ya kimwezi kabla ya kufa. Na mdomo wake ulikuwa umevutwa kidogo upande mmoja, vile ulivyokuwa siku zote kabla hajasema jambo la kumtia mkewe aibu mbele za watu.

"Ametuona," Mbonea alinong'ona.

"Acha upuuzi."

"Mimi nimekuja kuchukua kichwa, shemeji. Huyu kichwa chake bado anakitumia."

Nakijwa akashindwa, akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia, ukungu ukimpita mabegani. Mbonea akajitenga kwenye migomba, akajifanya anatafuta kamba.

"Umechelewa wapi wewe?" alimwuliza mumewe. "Wenzako wanakusubiri. Baba yako yuko kule, na yule mjomba unayemdai mbuzi. Nimekukamulia miwa, haikuchachuka. Na wewe umekataa kuoza. Nyie wawili mmepatana?"

Wapo Vuasha wanaoapa kwamba marehemu alijibu. Mbonea mwenyewe alisema alisikia sauti, ingawa alikubali kwamba huenda ni puto lililokuwa likipita. Nakijwa hakusema alichosikia. Alimmwagia miwa kidogo paji la uso, akamfuta kwa ncha ya kanga, kisha akamwambia Mbonea amfunike.

"Tuma mtu mjini," alisema akipangusa magoti. "Awaambie kifo kimeninyima mume mara ya kwanza, na kitambaa chao mara ya pili."

*

Taasisi ilimtuma Daktari Mwantumu Shekue, mwanamke mwembamba wa Tanga, aliyeshuka kwenye kikapu cha puto akiwa ameshikilia viatu mkononi. Alikuwa mmoja wa waliobuni nyuzi za kimwezi. Alikwenda kwanza kwenye ndiva, akachota maji na tope, akayatia katika kisanduku chake na kukaa juu ya jiwe akisubiri kisanduku kifikiri. Kilipomaliza, alikisoma mara mbili. Halafu akaomba kuonyeshwa nyumba ya mama aliyeleta malalamiko ya mume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, karibu na ndizi. Usiogope, ni ya mwaka jana."

Daktari akaitazama ndizi. Ilikuwa ya manjano safi, kama ya kuchorwa. Akaigusa kwa kidole kimoja, akakirudisha kidole haraka.

Nakijwa akamwonyesha mtungi. Akamweleza habari za maharagwe, samadi, paka wa Mzee Kilave, kisha Sekiondo. Daktari alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliposikia ya Sekiondo akafumba macho.

"Tulikipima kwenye mitungi, mama," alisema. "Maji yanapita, yanaondoka. Hatukuwahi kukipima kikiwa kimelala bwawani, jua linakichoma juu, na majani yanaoza chini. Majani yana uchachu. Ule uchachu unakwangua chembe kwenye uzi, kidogo kidogo. Zimeingia majini, zimeingia mifereji yote, zimeingia kwenye udongo. Ukungu unanyanyuka na nyingine."

"Na zikishaingia?"

"Chembe hazina macho. Hazijui kijidudu cha homa na kijidudu cha kuchachua pombe. Kinacholisha maharagwe ni vijidudu. Kinachoshusha choo ni vijidudu. Anayemla marehemu..." akasita.

"Sema tu. Anayemla marehemu ndiye anayempa nauli."

"Basi wote wamekufa. Na hata hiyo rangi, ni chembe hizo zimelala chini ya ngozi, jua linazipiga zinageuka. Watu wa kale walipiga picha kwa njia hiyo hiyo, kwenye karatasi zilizopakwa fedha."

"Kwa hiyo sisi ni picha."

"Nyinyi ni watu, mama. Na nimekuja nikiwa naona aibu."

Naetwe alikuwa ameegemea mlango. Daktari akamwita, akambana kidole kwa kibanio kidogo, wakatazamana na kile kisanduku wote watatu. Taa yake iligeuka rangi.

"Ini lake limebeba nyingi," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Na tumboni mwake, pale ambapo kila mtu ana kijiji kizima cha vijidudu vya kumsaidia kula, hamna mtu. Kijiji kimehama. Akiendelea kunywa, sijui itakuwaje. Ninasema kweli, sijui. Hakuna aliyewahi kunywa hivi kwa muda mrefu hivi."

"Na akiacha?"

"Akiacha, ile homa inaweza kurudi. Mnaweza kuchuja kwa mchanga, mnaweza kuchemsha. Itapungua. Haitakwisha."

Nakijwa alimvuta mtoto magotini, akaanza kumtoa majani kichwani yaliyokuwa hayapo.

"Na mume wangu?"

"Huyo ni rahisi zaidi," Daktari akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka. "Udongo wa tambarare haujaguswa. Akipelekwa huko, wadudu wa huko watamfikia. Itachukua misimu kadhaa, lakini atakwenda."

Huko tambarare kulikuwa na shamba la mama yake Sekiondo, penye mikonge miwili na ukimya. Nakijwa akaona kila kitu papo hapo: puto, jeneza, kaburi jipya, halafu siku moja pombe inayokoroma, na yeye akipanda kwenda pangoni na kichwa cha mumewe kwenye ungo, chepesi kama kibuyu. Akatabasamu kwa jinsi alivyoiona siku hiyo karibu.

*

Baragumu lilipulizwa asubuhi iliyofuata. Watu wakaja na majembe, wakasimama kuzunguka ndiva, maji yakiwa katikati yao yanamulika kutoka chini kama jicho lililofumbuliwa. Daktari Mwantumu alieleza mwenyewe. Hakupunguza wala hakujificha nyuma ya taasisi.

Kwa desturi ya Vuasha, aliyekubali jambo hulaza jembe lake ukingoni, mpini ukielekea majini. Asiyekubali hubaki nalo begani. Mzee Kilave alitangaza jambo lenyewe: kimwezi kitolewe, au kisitolewe.

Hakuna jembe lililolala.

Mama Elitumaini akajitokeza. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya kimwezi, na wa tatu alikuwa mgongoni kwake sasa, ana kucha za buluu na analala vizuri.

"Mimi nitasema, maana nyote mnanitazama mkijifanya hamnitazami," alisema. "Pombe haichachuki. Pole. Maharagwe hayaoti, tutanunua. Mtu wa mtu hajaoza, basi akae, ana haraka gani? Mimi wangu waliooza ninawajua kwa majina. Nakijwa, wewe nakuheshimu, nimekunywa kwako. Niambie hapa mbele za watu. Kesho utamchotea Naetwe maji yasiyo na kimwezi, umpe, halafu ulale?"

"Sitalala," Nakijwa akajibu.

"Umesikia mwenyewe."

"Sitalala, mwanangu. Nitachemsha, nitachuja, nitampa, nitakaa macho. Na nikimpa haya hapa, pia sitalala, maana jana nimeambiwa anajaa madini kama sarafu. Nilikuwa nikilala zamani kwa sababu sikujua." Akavuta pumzi. "Mtoto wangu simsikii tumbo. Wa kwako unamsikia?"

Mkono wa Mama Elitumaini ulikwenda nyuma wenyewe, ukashika mgongo wa mtoto, chini kidogo, palipo na tumbo, ukakaa hapo kama unaosikiliza. Kisha akashusha jembe lake begani, akalilaza ukingoni kwa uangalifu, bila kumtazama mtu.

Baada ya hapo majembe yalianza kulala, moja, jingine, mengi pamoja.

"Haya," alisema Mzee Kilave, ambaye uso wake uling'aa zaidi kuliko maji, "kinatoka. Tukichome."

"Kikichomwa kinapanda na moshi," Daktari akasema. "Kitarudi na ukungu."

"Tukizike."

"Udongo wowote mtakaokizikia utakufa."

"Mtoni, basi. Kiende zake."

"Mtoni kuna watu wa chini," wakasema wengi kwa pamoja, na Mzee Kilave akaona haya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto sheria ile: maji hayamchagui mtu.

"Rudi nacho mjini," mtu akamwambia Daktari.

"Nilishaomba. Taasisi haina pa kukiweka. Wamesema watafikiria." Alisema neno hilo la mwisho kana kwamba lina ladha mbaya. "Panatakiwa mahali pakavu kabisa. Mvua isifike, mizizi isifike, pasiwe na kitu chochote kinachohitaji kuoza."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka mapema siku ile. Watu wakatazama chini. Kila mtu wa Vuasha alikuwa amekwisha kupafahamu mahali hapo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupataja. Pango la ukoo lilikuwa kavu tangu dunia iumbwe. Wazee walilichagua kwa hilo. Waliokaa mle walikuwa wamekwisha kuoza siku nyingi, hawakuwa na cha kupoteza. Lakini nani angewapelekea mababu uchafu, akautupa miguuni pao, akaondoka? Kitu kama hicho hakiingii pangoni peke yake. Lazima kiwe na mtu.

Nakijwa alisikia akili yake ikifika kabla yake. Aliona shamba la tambarare, mikonge miwili. Aliona ungo na kibuyu chepesi. Akavishika kidogo, kama unavyoshika mkono wa mtu aliyepanda chombo, kisha akaviachia.

"Sekiondo atakwenda nacho," akasema.

Mbonea akageuka. "Shemeji."

"Kimemjaa tayari. Kimwezi kiwe sanda yake. Mumfunge vizuri, muingize mzima, muwaambie wazee kwamba huyu hakuja kukaa kama wao. Amekuja kulinda."

"Hatakuwa mzimu, shemeji. Hatakwenda kabisa. Umeambiwa tambarare angeweza—"

"Nimeambiwa. Nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Ulimjua kaka yako. Siku zote alitaka kuingia mahali watu wote wakigeuza shingo. Sasa ataingia kwa wakubwa, yeye peke yake ana pua."

Mtu mmoja akacheka kwa kuguna, akajizuia. Kisha Mama Elitumaini akacheka waziwazi, machozi yakimtiririka, na kicheko kikalizunguka ndiva lote, chini kwa chini, kama kitu kinachochachuka.

*

Walikitoa mkono kwa mkono, kila mtu akishika mahali ambapo huenda alipashona mwenyewe. Walikikunja kikiwa bado kinatiririka mwanga. Tope la chini walilizoa lote. Daktari Mwantumu, suruali imekunjwa hadi magotini, alizoa nao, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Sekiondo alivikwa kimwezi mchana wa ukungu, akabebwa na wanaume sita waliokuwa wakigombana njia nzima nani anamwinamisha. Nakijwa alitangulia na Naetwe mkononi. Mlangoni mwa pango Mbonea alimtangaza kwa wazee kama inavyotakiwa, jina na jina la baba, kisha akaongeza la kwake: kwamba mgeni huyu ni mzito, wamwie radhi, na wasimguse nguo. Wakamkalisha mbele kabisa, mgongo kwenye mwamba, uso kwenye mlango. Ndani ya giza lile sanda ilitoa mwanga mdogo, wa kutosha kuonyesha ule mdomo uliovutwa upande mmoja na, nyuma yake, safu ya vichwa vikitazama kwa mshangao.

Lile tope walilichanganya na mawe, wakaliziba pango kwalo mpaka juu, chini ya jabali ambako mvua haifiki. Jua lilipolikausha likawa gumu, likawa na mng'ao. Kutoka kijijini unaliona hata sasa: doa moja jeupe kwenye mlima, kama mwezi uliosahau kutua.

Nakijwa alibaki pale wenzake walipoteremka. Aliweka kiganja ukutani.

"Usimfungulie mtu," akamwambia. "Hata mimi nikija kukulilia."

*

Rangi haikuwatoka watu. Daktari alisema huenda isitoke kamwe. Misimu miwili ya mvua ilipita mashambani kabla ya jani la kwanza kuoza, na aliyeliona alilileta kwa mkuu wa ndiva kwenye sahani, Mzee Kilave akalinusa, akalipitisha kwa watu wote kama ubani. Zamu za msaragambo zikawa za kuni na mchanga wa kuchujia. Kila nyumba ilichemsha, na aliyekutwa akinywesha mtoto maji mabichi alisutwa mpaka akatamani kuhama. Hata hivyo, bondeni, mtoto wa nyumba ya mwisho aliugua homa ya zamani. Kijiji kizima kilimkesha. Akapona. Hakuna aliyesema kwamba wa pili, akija kuugua, naye atapona.

Siku mtoto yule aliposimama, Nakijwa alikamua miwa. Alikichukua kile kipande cha vungunya kilichobaki darini, cheusi kwa moshi, akakipuliza vumbi, akakitumbukiza. Akafunika. Akaendelea na kazi zake bila kuuangalia mtungi, kama unavyomfanyia mtu mwenye haya.

Kesho yake jioni, kabla ya chakula, kidudu kidogo cha matunda kilitokea kusikojulikana, kikazunguka jikoni mara kadhaa, kikatua kwenye ukingo wa mtungi. Nakijwa alikuwa na mwiko mkononi. Hakukifukuza.

Naetwe akaenda akabandika sikio.

"Bibi. Inasema."

"Inasema nini?"

"Inasema *bwu*. Halafu inanyamaza. Halafu *bwu*."

Nakijwa akasogea kusikiliza, akapiga magoti kando ya mtoto, mashavu yao yakigusana kwenye udongo wa mtungi uliokuwa umepata joto. Bwu. Kisha sauti nyingine ikasikika, ndefu, ya kuviringika, kama gogo linaloshuka mlimani. Haikutoka mtungini. Nje, mbwa aligeuka.

Naetwe alitazama tumbo lake kwa mshangao. Nakijwa alikuwa ameshaweka kiganja hapo, akipima joto, na kiganja kingine kwenye paji la uso. Alikuwa amewahi kuisikia sauti hiyo kwa mama wa mtoto huyu, mavuno yale, ikianza hivyo hivyo.

"Linauma?" aliuliza. "Niambie kweli. Linauma, au ni njaa tu?"

Mtoto akafumba macho, akajisikiliza. Alijisikiliza kwa muda mrefu kuliko bibi yake alivyoweza kuvumilia. Mtungi ukasema bwu, ukanyamaza.

"Njaa," Naetwe akasema.